Somo Aliloliruka Mwalimu Wanjira

Mwalimu Wanjira alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na hakuna mtoto wa Kanyakine aliyewahi kumwandikia insha ikarudi bila wino mwekundu. Sasa mwanafunzi alikuwa yeye, na mwalimu alikuwa simu.

Kajuju, kitindamimba wake, alikuwa anaolewa Uhispania. Mchumba mwenyewe, Alvaro, hakuwa na neno. Kiingereza alikijua, alikula kila alichopewa, na alikuwa ameshachuma majani chai mpaka majirani wakaja kumtazama. Shida ilikuwa mama yake, Bi. Consuelo, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Ndiye angekuja siku ya mahari, na ndiye ambaye Kajuju angeishi kwake mpaka wapate nyumba yao.

Wanjira aliijua ladha ya jambo hilo. Yeye mwenyewe aliolewa Kanyakine kutoka Runyenjes, na ingawa Kiembu na Kimeru ni ndugu, mama mkwe wake alijifanya haelewi hata salamu. Mwaka mzima aliishi kama mgeni jikoni kwake mwenyewe. Hakutaka mwanawe ayaonje hayo, tena ng'ambo, ambako huwezi kupanda boda boda ukarudi kwenu. Alitaka kukaa na mwanamke yule ana kwa ana, bila mkalimani, amuulize kwa lugha yake: mtoto wangu utamlea kama wako?

Basi akajifunza. Simu ilimfundisha Kihispania kwa Kiingereza, na hapo ndipo vita vilipoanza.

"Sentensi haina kiima!" alimlalamikia mumewe, Mithika. "Inasema 'hablo', eti ni 'ninaongea'. Nani anaongea?"

"Si ni wewe?" Mithika alijibu bila kuinua macho kwenye gazeti. "Umeongea asubuhi yote."

Alipoweka Kiingereza kando akafikiria kwa Kiswahili, mambo yakanyooka. Kumbe mtu anajificha ndani ya kitenzi, kama kwetu! Tangu hapo ng'ombe alikamuliwa kwa Kihispania, na pasta akaamkuliwa "Buenos días" mlangoni mwa kanisa akabaki ameduwaa.

Siku moja Kajuju alimkuta anabonyeza simu kwa hasira.

"Mum, mbona unaruka hii lesoni?"

"Hii ya mezani? Ni ya watu hawana adabu. 'Ungependa kula?' Mgeni anaulizwa kama anataka kula? Si unaweka tu sahani! Na hii ingine: 'Hapana, asante, nimeshiba.' Nani ataniambia hivyo kwangu?"

"Lakini mum, huko kwao..."

"Ng'o! Matusi sijifunzi."

Akaliruka somo zima, akaingia la ukoo, akakariri shangazi na binamu wote.

Siku ikafika, na Bi. Consuelo naye akafika, mwanamke mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka. Wazee wakajifungia sebuleni na Alvaro. Kajuju akapelekwa chumba cha nyuma na wasichana wenzake, wajifunike leso gubigubi ili bwana harusi abahatishe yupi ni wake. Wanjira akabaki na mgeni wake kwenye meza ya jikoni, wao wawili tu, kama alivyoomba.

Walianza vizuri. Habari ya safari, habari ya watoto. Consuelo alipiga makofi kwa furaha. Lile swali kubwa Wanjira akaliweka akiba kwanza, maana mtu mwenye njaa haulizwi mambo mazito. Akaandaa mukimo wa viazi na mahindi, kuku wa kienyeji na chapati. Consuelo akala yote, akaipangusa sahani kwa kipande cha chapati, kumsifu mpishi kwa desturi za kwao. Kwa Wanjira, sahani tupu ina maana moja tu: mgeni bado ana njaa. Akaijaza tena. Consuelo akashtuka, lakini heshima ni heshima, akala. Akajaziwa tena.

Mara hii Consuelo alifunika sahani kwa kiganja, akasema maneno mengi mbiombio, akijishika tumbo. Wanjira hakuambulia hata moja. Angeweza kumtajia ukoo mzima, lakini habari za tumbo hakuzijua. Akamwona mgeni anatokwa jasho. Nimemuudhi, aliwaza. Nimemharibia mwanangu hata kabla hajatoka kwenye leso. Akalitafuta swali lake, asipate hata neno la kwanza. Akabaki amesimama na mwiko mkononi, machozi yakimlengalenga. Aliona aibu, tena aibu kubwa.

Consuelo akamtazama. Akainuka kwa shida, akamnyang'anya mwiko, akamshika mabega, akamkalisha. Akachukua sahani safi, akapakua mukimo, akachagua paja lililonona, akamsogezea. Kisha akasimama kando yake, mikono kiunoni.

"Come," alisema polepole kwa Kihispania chake. "Come, hija."

Hayo Wanjira aliyaelewa: 'hija' lilikuwa kwenye somo la ukoo, na 'come' sahani ilimtafsiria. Kula. Kula, binti yangu. Katika miaka yote ya kupika jikoni mle, hakuna aliyewahi kumkalisha akampakulia. Akaanza kula huku analia, na Consuelo, kila alipoona pengo kwenye sahani, aliliziba. Mwishowe wakatazamana, mmoja akaguna, mwingine akacheka, wakaangua kicheko mpaka sufuria ikatingishika mezani.

Kajuju alisikia kilio na kicheko vimechanganyika, akasahau mila, akaja mbio na leso kichwani.

"Mum! Kuna nini? Niwatafsirie?"

Wanjira alimpungia mkono arudi alikotoka, mdomo umejaa mukimo.

"Nani amekuita? Enda ukajifunike. Bado tunaongea."