Tulivyomngoja Kasisi Oboth

"Nakuja! Mwalimu, nakuja!"

Sauti ya Aboth, mwanafunzi wangu mdogo, ilitoka juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, nyembamba na kali kama firimbi, na kanisa zima likamwagika nje. Wanaume walisahau kofia zao vitini. Kina mama walitoka wakijifunga watoto migongoni huku wanakimbia. Kwa Kiswahili cha kwetu mpakani, "nakuja" yaweza kuwa mimi, yaweza kuwa wewe, yaweza kuwa yeye, hata wao. Lakini asubuhi ile hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Tulijipanga kando ya njia, mwenzake Owor ameinua vijiti juu ya ngoma yake, tukakodoa macho kuelekea bondeni.

Aliyetokea alikuwa mtu mwembamba anayesukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli amefunga nguruwe. Nguruwe alikuwa akipiga kelele. Yule mtu alipoona waumini wote wamejipanga kumlaki, alivua kofia kwa heshima akauliza kama tuna msiba.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alikuwa fahali wa jirani, mara ya pili kivuli cha wingu.

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa sitini na moja, mwaka ambao mvua ilianza ikasahau kuacha. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, na tulikuwa tunamngoja Kasisi Oboth kutoka Tororo aje kubatiza. Kanisa letu la Mwello, upande wa Uganda, lilikuwa la udongo na nyasi, na kasisi tulikuwa tunamwona kwa nadra kama mtu anavyoona mwezi ukipatwa. Siku nyingine tuliongozwa na msomaji wetu, mzee Othieno, mtu wa sauti nzito na baiskeli nyeusi iliyong'arishwa, ambayo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, ambako baba yangu Patroba aliuza chumvi na samaki wakavu. Nilikuwa nimevuka kuja kukaa na shangazi yangu Felistus, aliyeolewa Mwello, na kanisa likanipa darasa la watoto la Jumapili. Mama aliposikia kwamba mafundisho ya Majilio ni kungoja, alicheka hadi akakaa chini. "Norah afundishe watu kungoja? Norah anayekunywa chai kabla haijachemka?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Jumapili ya kwanza nilisimama mbele ya wale watoto, mimi na Kidhopadhola cha sokoni, lugha ya kwao, wao na Kiswahili cha mpakani, nikawasomea habari za mzee Simeoni na mama Ana, waliozeeka hekaluni wakimngoja Mwokozi. Watoto walinitazama kama mbuzi wanaotazama mvua. Nikafunga kitabu. Nikauliza nani kati yao amewahi kungoja kitu, akangoja kwa raha.

Owor akasema, "Kumbikumbi."

Lo! Darasa likalipuka. Wote walitaka kunifundisha kwa wakati mmoja. Unatafuta tundu kwenye kichuguu, mwalimu! Unajenga kibanda cha nyasi juu yake! Unachimba shimo wapate kuanguka! Halafu unachukua vijiti unapiga, taratibu, ta-ta-ta-ta, wao wadhani ni mvua!

"Na wakichelewa," nikauliza, "unaenda kucheza kidogo kisha unarudi?"

Waliniangalia kwa huruma. "Ukienda, mwalimu, watoto wa jirani nakula."

"Kwa hiyo unalala hapo?"

"Hapana! Unapiga vijiti."

"Sikieni basi," nikasema, "kungoja si kulala. Anayengoja anapiga vijiti." Nilijivuna sana na somo langu, mpaka Aboth, mtoto wa miaka saba mwenye pengo la meno na swali lisilokosa, alipoinua mkono.

"Na siku hawatoki?"

Jibu lilitoka nyuma, mkekani, kwa Akurut.

"Kesho narudi," alisema. "Tundu lao nalijua."

Akurut alikuwa mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote. Hakuna aliyejua umri wake. Alikumbuka reli ilipokuwa bado kujengwa. Alikuwa Mteso kwa kabila, ameolewa Mwello akiwa msichana, mke wa tatu wa mwanamume ambaye sasa alikuwa kaburini. Alitaka ubatizo tangu ujana wake. Enzi za mume wake aliambiwa wake wa pili na wa tatu hawabatizwi. Mume alipofariki, alipelekwa mbele ya kasisi wa zamani aliyekuwa akija huku kabla ya Oboth. Akaambiwa aseme Sala ya Bwana, moyo ukamwenda mbio, akaianza kwa Kiteso akaimaliza kwa Kidhopadhola. Kasisi yule akatikisa kichwa: arudi darasani. Mwaka uliofuata kasisi alifika, Akurut yuko kitandani na homa. Na kwa kuwa darasa la watu wazima lilikuwa limekufa kwa kukosa mwalimu, alichukua mkeka wake akaja kukaa na watoto. Alikaa ameinyoosha miguu, na watoto wakaifanya mto wa kulalia vichwa. Jina la ubatizo alikuwa amekwisha chagua. Siku nilipomsomea habari za yule mama wa hekaluni alipiga paja: "Huyo! Huyo mimi namjua. Mimi nataka jina yake."

Ndiyo maana Jumamosi ile tuliposikia kwamba bonde limejaa, kwamba maji yameifunika barabara ya tuta inayokatiza mafunjo kutoka upande wa Tororo, mimi sikulala vizuri. Lakini Jumapili watu walikuja wote, na Akurut alikuwa wa kwanza, katika gomesi ya shangazi yangu, gauni refu la sherehe, kichwa amenyoa kinang'aa.

Baada ya yule mtu wa nguruwe, jua lilipanda likaegemea upande wa pili. Nyimbo zilikwisha tukaziimba tena. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Kirewa. Hatimaye mzee Othieno akasimama.

"Ndugu zangu," alisema, "mtu si samaki. Kasisi hawezi kuvuka maji yale. Tusali, twende nyumbani, tujaribu mwaka ujao."

Mwaka ujao! Nilimtazama Akurut. Alikuwa akikung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye gomesi.

Watu wazima walitoka kwa vikundi, wakizungumzia chakula. Nikawageukia watoto, nikawaambia kwa sauti niliyodhani ni ya kishujaa: "Haya, na ninyi nendeni. Mmengoja vizuri."

Hakuna aliyesogea.

"Mwalimu," Aboth alisema, "Simeoni alikwenda nyumbani kula?"

"Aboth..."

"Wewe umesema tupige vijiti. Sasa tumekaa tu. Kasisi iko huko kwa maji, ngoma yetu iko hapa." Alimgeukia Owor. "Leta."

Nataka niseme kwamba mimi ndiye niliyeongoza. Ukweli ni kwamba niligeuka kuufunga mlango wa kanisa, nilipogeuka tena darasa langu lote lilikuwa njiani, watoto ishirini na zaidi, Owor mbele na ngoma begani, wanateremka kuelekea mafurikoni. Nikashika sketi yangu nikakimbia. Nilipowafikia, sikuwarudisha. Hata leo sijui kwa nini, ila moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha kama wa mtu anayekwenda arusini.

Nyuma yetu Akurut alikuwa anakuja na fimbo yake. Hatua moja, pumzi tatu. Kwa mwendo ule angefika bondeni kesho. Ndipo nikamwona mzee Othieno, ambaye alikuwa amekwisha kupanda baiskeli yake kwenda zake, akisimama. Alimtazama yule mama. Akaangalia mawingu. Akashuka, akasema kitu kwa Kidhopadhola ambacho sidhani kilikuwa maandiko, akairudisha baiskeli.

"Panda, mama."

Akurut hakuwa amepanda baiskeli maishani mwake. Tulimpandisha kwenye kiti cha nyuma kama tunapandisha malkia, watoto wakashika kila palipokuwa na nafasi, kwenye usukani, kwenye kiti, hata kwenye fremu, na ile baiskeli isiyoguswa ikateremka mteremko wa Mwello ikisukumwa na mikono arobaini. Mzee Othieno alikimbia pembeni akipiga kelele, "Breki! Shika breki!" Na Akurut, ameshika mgongo wa mwanafunzi wangu mmoja kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, alikuwa akicheka cheko la msichana.

Tukafika majini. Kicheko kikakatika.

Sikuwa nimewahi kuona bonde likiwa hivyo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalitanda mpaka macho yalipochoka. Mafunjo yalikuwa yameng'oka yakaelea kama visiwa. Ng'ambo hapakuwa na mtu wala mnyama.

"Hakuna," alisema Othieno kwa upole. Upole wake ndio ulioniuma.

"Owor," Aboth alisema. "Piga."

Owor akapiga. Watoto wakaokota vijiti wakapiga vipande vya magogo, madebe, wakapiga makofi. Mimi nikatwaa jiwe nikagonga jiwe. Tulipiga mpaka mabega yakauma. Kisha Akurut akainua mkono, tukanyamaza, na katika ule ukimya, kutoka mbali nyuma ya mafunjo, upepo ukaleta sauti ndogo kabisa.

Krin. Krin-krin.

"Kengele!" Othieno alipaza sauti, na sauti yake nzito ikapasuka katikati. "Kengele ya baiskeli! Piga, mtoto! Piga usiache!"

Kumbe Kasisi Oboth alikuwa ng'ambo tangu asubuhi. Alijaribu kuingia majini mara mbili, maji yakamfika kifuani, na kwa kuwa tuta lilikuwa limefunikwa na visiwa vya mafunjo vimeziba upeo wa macho, hakujua aelekee wapi. Baadaye alituambia kwamba alikuwa amekwisha kuigeuza baiskeli kuelekea Tororo aliposikia ngoma. Sauti ile ndiyo iliyomwonyesha tuta liliko.

Ila si yeye peke yake aliyesikia. Katika nchi ile, ngoma inayopigwa vile haitangazi ibada, inatangaza hatari. Nyuma yetu tukasikia kishindo, na mara kilima chote kikawa kinateremka: wanaume na mikuki na marungu, mmoja bado anatafuna, wanawake na mitungi ya kuzimia moto, wanauliza, "Wapi? Wezi wapi? Moto wapi?" Na watoto wote, vidole mbele, wakajibu kwa sauti moja:

"Kasisi!"

Mikuki ikawekwa chini, kamba za ng'ombe zikaletwa. Wanaume waliingia majini mmoja nyuma ya mwingine, wakipapasa tuta kwa miguu, wameshikana mikono na kamba, mlolongo mrefu wa vichwa ukiyeyukia katikati ya mafunjo. Sisi tuliendelea kupiga. Kisha vichwa vikaanza kurudi, na kati yao kimoja kilichobeba sanduku dogo la bati, na nyuma yake baiskeli inayoelea juu ya mikono ya watu. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani na Kenya walivisikia.

Kasisi Oboth alikuwa kijana, mrefu, matope mpaka shingoni. Alipokanyaga nchi kavu aliuliza, meno yakigongana, "Nani amepiga ngoma kama nyumba inaungua?"

Owor akajificha nyuma yangu. Aboth akamvuta akamsukuma mbele.

Kasisi akamshika kichwa kwa mkono uliolowa. "Usiache kupiga ngoma, bwana," alisema.

Mvua ilikuwa inakuja na kanisa liko juu kilimani. Kasisi akatazama kilima, akatazama maji, akafungua sanduku lake. Joho lilikuwa kavu. "Tuanze hapa hapa," alisema. "Maji hatujakosa. Nani wa kwanza?"

Hakuna aliyemtaja, lakini watu walipisha njia wenyewe, na Akurut akabaki peke yake katikati, ameegemea fimbo. Nikaenda nikasimama karibu naye.

"Mama," alisema Kasisi Oboth, "utusalishe Sala ya Bwana."

Akaanza kwa Kiteso. Nikafumba macho. Kufika mkate wa kila siku alikuwa amekwama, midomo inatafuta. Kisha maneno yakaja, kwa Kidhopadhola, na watoto, bila mtu kuwaambia, wakawa wanasali chini chini pamoja naye.

"Amina," alisema kasisi. Basi, hakuongeza kitu. Akainama, akachota maji ya mafuriko kwa bakuli, akayamimina juu ya kile kichwa kilichonyolewa. Yalikuwa na rangi ya udongo, na yalimteremka usoni mpaka kwenye gomesi ya shangazi yangu, naye aliyapokea mdomo wazi.

"Ana," alisema kasisi.

"Ndiyo," alijibu Akurut kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Mimi hapa."

Siku hizi nina wajukuu huku Busia, na nikiwasimulia hutaka kujua kama Akurut alikufa usiku ule. Hata Aboth alitaka kujua. Jumapili iliyofuata alinivuta sikio akaninong'oneza kwamba Simeoni alipomwona Mtoto aliomba kwenda kwa amani. Je, nyanya sasa nakufa? Akurut alisikia. "Mimi?" alisema. "Mimi bado." Akaishi miaka mingine mingi, mkaidi, akilima karanga zake mwenyewe.

Ninachokikumbuka zaidi ni Jumapili ile ile, ya kwanza baada ya Krismasi. Nilikuwa napanga watoto nilipomwona anaingia na mkeka wake chini ya kwapa. Nikamkimbilia, nikamwambia kwa furaha kwamba amemaliza, kwamba sasa nafasi yake ni mbele, pamoja na kina mama waliobatizwa.

Alinitazama, kisha akawatazama watoto, ambao nusu yao walikuwa bado hawajafikia zamu ya kubatizwa.

"Hawa nangoja yao," alisema. "Nangoja na nani?"

Akatandika mkeka, akakaa, akanyoosha miguu.