Dari Iliyomeza Mvua

"Kitendawili!"

"Tega, cucu."

"Ngazi yangu haina apandaye."

Mjukuu wangu Wangeci akacheka pamoja nami, bibi yake. "Si ni dari yangu hiyo!"

Mwaka huo wa tisini na saba alikuwa akichora nyumba kwa kompyuta, ofisini kwa msanifu majengo Kaushik mjini Nyeri. Babu yake, mume wangu Gathogo, alikuwa hawezi tena kutoka kitandani, na Wangeci alitaka apate kitu kizuri cha kutazama. Alinipeleka nione dari aliyomchorea. Akakigeuza chumba chetu kwenye kioo cha kompyuta, tukakitazama kutoka chini kama mtu aliyelala. Dari ilishuka vidato vitatu, kila kimoja na kivuli chake.

Fundi aliijenga vilevile, kwa sofutibodi nyeupe, ubao laini wa nyuzi. Gathogo alimbariki sana mjukuu wake.

Msimu wa mvua ulipofika, mchana mmoja, pazia likiwa limefungwa, aliniuliza, "Mama Wanjiru, mvua imekataa? Kahawa itatoa maua na nini?"

"Inanyesha tangu asubuhi, mzee."

Akatega sikio. Maisha yake yote alikuwa ameijua mvua kwa mlio wa mabati, na sasa sofutibodi ilimeza mlio wote. Wangeci, aliyekuwa mlangoni ameloa, akatazama juu, akaelewa, akamwuliza babu yake:

"Guka, niibomoe?"

"Wacha, mama. Ni nzuri sana," akamwambia mjukuu wake, akageukia ukuta.

Tukaiacha. Lakini mpaka alipotuacha, kila ilipoanza kunyesha, mmoja wetu alikimbia kumwambia.