Maji ya Kwanza

Masikio ya panya yalikuwa ya manjano. Panya wetu wa maabara ni weupe, na masikio yao ni membamba hata ukimweka mmoja kwenye mwanga unaona mishipa, kwa hiyo hapakuwa na la kubishania: maini yao yalikuwa yameharibika. Cherop, mwenzangu wa kazi, alifungua tundu la pili, kisha la tatu. Alinitazama tu, maana alijua chupa nyingine ya dawa tuliyowanywesha iko wapi.

Iko Ganze, kwa mama yangu.

Wiki tatu kabla ya hapo furaha ilitaka kuniua. Tuliwadunga panya sindano ya kuvimbisha nyayo, tukawanywesha dawa yetu ya mzizi, na kwa saa nne uvimbe ukashuka nusu. Vidonge vya dukani havikufika hapo. Mzizi wenyewe alinichimbia Mzee Mwaro, mganga wa kwetu, aliyeyatuliza magoti ya wazee wengi. Alinionya kivuli changu kisiangukie shimo. Akasema mzizi uchemshwe, maji ya kwanza yamwagwe mbali na kuku, yanywewe ya pili.

"Mbona ya kwanza yamwagwe, babu?"

"Ya kwanza ni ya mwitu," alisema. "Si yetu."

Niliandika yote daftarini kwa heshima, la kivuli na la maji. Nilipofika maabara, Kilifi, nikayafuta yote mawili kwa mstari mmoja. Mtu ana shahada mbili, eti amwage dawa kwa ajili ya mwitu. Tukauloweka mzizi kwenye spiriti, tukakamua kila kilichomo, tone lisipotee. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini miguu iliyovimba haikuwa yangu.

Magoti ya mama yalikuwa yamemtesa miaka sita. Kwenda jikoni alikuwa akishika ukuta. Kwa Mzee Mwaro hakukanyaga, kwa kuwa kanisa lake lilikataza waganga. Lakini dawa ya chupa, yenye karatasi na mwandiko wa bintiye, huo haukuwa uganga. Cherop alinisihi tungoje majaribio ya siku ishirini na nane yaishe, tuone maini ya panya. Nikamjibu kwamba yeye mama yake anatembea. Jumapili nikaipeleka chupa mwenyewe: kijiko asubuhi, kijiko jioni.

Sasa nilitoka nje ya maabara, nikampigia mama simu. Nilikosea namba mara mbili.

"Kahonzi, mwanangu," alisema kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, ya mwanamke mzima. "Jana nimekwenda bwawani na mtungi, nikarudi. Kwa miguu hii hii."

Nilimuuliza chupa imebaki kiasi gani. Akasema imekwisha juzi. Alikuwa ameongeza kijiko cha mchana, kwa kuwa dawa imetoka mikononi mwangu na haiwezi kumdhuru.

"Na macho yako, mama?"

"Vivian wa jirani anasema yana rangi. Vumbi la huku hilo, unalijua."

Nilimpeleka hospitali siku ile ile. Alilala huko siku kumi na moja.

Mzee Mwaro alikuja matangani, akaketi mbali na watu wa kanisa. Nilimwamkia, nikamweleza yote, mpaka ule mstari wa daftarini. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Aliuliza tu kama mama alipata kutembea.

"Mpaka bwawani," nilisema. "Na mtungi."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka kuutazama mlango wa nyumba. Maji aliyoyateka mama yalikuwa bado pale kando ya kizingiti, nusu mtungi. Wanawake waliokuwa wakipika waliniuliza mara mbili kama wayamwage wapate chombo. Nilikataa.