Mpunga wa Ukweni

Zebedayo alikuwa fundi cherehani mjini Kyela, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa ya kukaa. Kwa hiyo mama mkwe wake, Keziya, alipoita watu wa kupiga mpunga shambani kwake kijijini Ngonga, shemeji zake walimcheka.

"Shemeji, wewe kaa kivulini utushonee magunia."

Zebedayo alivua shati, akashika mganda wa mpunga na kuanza kuubamiza kwenye gogo. Jua lilikuwa kali, maji hakuyakumbuka. Wenzake walipopumzika, yeye alishika mganda mwingine. Jioni wale wale waliomcheka walimshangilia, akalala kifua mbele.

Asubuhi mikono haikukunjika. Ilikuwa imevimba, migumu kama mbao. Akameza vidonge vya maumivu, akajikokota hadi chooni, na huko akaona mkojo wake mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Akarudi kulala, asimwambie mtu. Angesema nini? Kwamba siku moja ya kazi ya ukweni imemshinda?

Mkewe, Tusekile, alimwona akishindwa kuinua kikombe cha uji.

"Uchovu tu," Zebedayo alisema.

"Uchovu gani huo? Niambie, baba Neema."

Akamwambia. Kabla ya saa sita walikuwa hospitalini.

"Kazi ile umeizoea?" daktari aliuliza.

"Hajaizoea," Tusekile akajibu.

"Misuli imevunjika-vunjika ndani, na mabaki yake yameingia kwenye damu. Figo ndizo zinazoyachuja, na zikizidiwa zinaweza kufa. Vile vidonge usimeze tena, vinaziumiza zaidi."

Akatundikiwa dripu, moja baada ya nyingine. Siku ya pili Keziya alikuja. Kwa heshima ya ukwe alisimama mlangoni, uso ameugeuzia pembeni.

"Ndaga fijo, asante sana kwa kazi, baba. Lakini binti yangu nilimwoza kwa mume, si kwa trekta."

Zebedayo akacheka, ingawa kucheka kuliuma.

Siku ya nne mkojo ulikuwa mweupe, na vipimo vikaonyesha figo zimepona. Mikono ilichukua mwezi mzima.

Msimu uliofuata alikwenda tena Ngonga. Ilipofika saa nne aliweka mganda chini, akaomba maji, akaketi.