Mfupa Ulioshika

Waumini walipoanza kupiga makofi, nilitamani ardhi inimeze. Mama alikuwa amesimama mbele ya altare ya kanisa letu la Nambis bila fimbo, jogoo wa shukrani kwapani, mkono wake mwingine umenishika mimi.

"Nyie mnasifu chuma," akawaambia. "Aliyeniombea ni huyu Paskalina."

Mwaka uliotangulia aliteleza shambani, akavunjika nyonga. Daktari akamwamkia shikamoo, kisha akatuonyesha chuma kama kile atakachomwekea. Hakikung'aa hata kidogo. Nikamuuliza kama ni kipya kweli, akacheka.

"Kina vishimo vidogo mno, jicho halivioni. Mfupa wa mzee ni mvivu kuota, ila ukikuta uso kama huu unapata pa kushika. Si fundi hukwaruza ukuta kwanza ili plasta ikamate?"

"Na usiposhika?" Mama akauliza.

"Hutaweza kuishi peke yako, Bibi."

Mama akanishika bega. "Basi nitahamia Katesh kwa huyu binti yangu. Shamba abaki nalo kaka yake, Basili."

Jamani, nilifurahi! Mume wangu alishafariki, watoto wameondoka, na mimi nilikuwa nimechoka kusonga ugali wa mtu mmoja. Nilimtaka mama yangu.

Baada ya upasuaji alikaa kwangu kuuguza mguu. Kila jioni tulisali rozari pamoja. Yeye aliomba mfupa ushike, mimi nikaitikia kwa mdomo, na moyoni nikasema: Bwana, mfupa usishike. Nilijua ni dhambi. Kesho yake nikaomba tena vilevile.

Tuliporudi hospitali kupiga picha ya mfupa, daktari alituonyesha jinsi mfupa ulivyokikumbatia chuma. Mama akalia. Na mimi nikalia, akanipapasa mgongo, akidhani tunalilia kitu kimoja. Wiki hiyohiyo alifunga mizigo yake, akarudi Nambis.

Baada ya misa ile ya shukrani alinitangulia kupanda mlima kwenda nyumbani kwake. Alifika mlangoni, akanisubiri.

"Mbona unajikokota?"

"Nimechoka tu, Mama."

"Lazima uchoke. Umeniombea mno, mwanangu."

Nilifungua mdomo nimwambie. Akawa ameshaingia ndani. Alitoka na ile fimbo yake ya ugonjwa, akanipa.

"Chukua, ikusaidie kushuka. Mimi siihitaji tena."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.