Njia ya Kuteremkia Maji Moto

Kabla magoti ya Epifania hayajakaza, chemchemi ya maji moto ilikuwa kama ua wa nyumba yake. Akitoka kupalilia mihogo huteremka, akaloweka miguu, akapanda na kuni zake kichwani. Kisha mambo mawili yakamwandama mwaka mmoja: baridi yabisi ikamshika viungo, na serikali ikawahamishia kijiji kipya kando ya barabara ya Kibondo. Tangu hapo maji moto akawa anayasikia kwa wenzake tu.

"Mama Felisiani," mumewe Venanti alimwambia asubuhi moja, "leo nakupeleka."

"Kwa miguu ya nani?"

"Ya baiskeli."

Alikwisha kufunga gunia lililokunjwa juu ya keria. Akampakia taratibu kama apakiaye mayai, akaikokota baiskeli njia nzima. Epifania alimshika bega, akimtajia mahame waliyoyapita, nani aliishi wapi, nani alikuwa na ndizi tamu.

Walipofika juu ya bonde, mvuke ulikuwa ukipanda na vicheko vya wanawake vikisikika chini. Moyo ulimruka. Kisha akaiona njia: mawe yenye utelezi, nyembamba ya kupita mbuzi. Ilikuwa ile ile. Alishangaa kwamba zamani hakuwahi hata kuitazama.

Asubuhi ilikuwa zamu ya wanawake, na mwanamume hakuruhusiwa kushuka. Venanti akageuza uso, akaita. Akapanda Mwamvua, mke wa mwenye duka, aliyeolewa kutoka Kasulu, khanga imemganda mwilini.

"Tutaleta ingobyi, dada," alisema, akimaanisha ile machela ya kubebea wagonjwa. "Tutakubeba."

"Ingobyi nilipanda siku ya kupelekwa hospitali," Epifania alijibu. "Watu walivua kofia njiani kana kwamba nakwenda kuzikwa. Sipandi tena kwa ajili ya kuoga."

Venanti akaushika usukani. "Basi turudi, mama. Nitakuchemshia maji nyumbani."

Hasira zikampanda Epifania. Hakumkasirikia mumewe, aliikasirikia sufuria. Alikuwa amechoka kuoga nusu mwili ukipata joto, nusu ukitetemeka. Akajishusha toka kwenye keria, akaketi chini, akatanguliza miguu, akasogeza makalio hadi jiwe la kwanza. Kisha la pili.

"Jamani, mtu mzima!" sauti ikapaa toka chini, na kicheko nyuma yake.

Masikio yalimuwaka, lakini hakusimama. Mwamvua hakucheka. Alikaza khanga, akaketi matopeni nyuma yake. "Tangulia, dada. Nakuja hivyo hivyo."

Walipofika katikati, penye utelezi mbaya, yule aliyecheka alikuwa amepanda kuwalaki. Alikuwa Immakulata, binti wa jirani yao wa zamani. Aliinama bila kumtazama usoni. "Kanyaga mgongoni kwangu, shangazi. Hapa hapashikiki."

Maji yalimpokea hadi shingoni. Epifania alifumba macho, machozi yakamtoka.

Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Wanawake walijaribu kumwinua, mwili umelowa, ukawaponyoka mikononi. Zamu yao ikaisha. Wakamfunga khanga mabegani humo humo majini, wakaondoka, na Venanti akashuka. Juu, wanaume walikwisha kukusanyika.

"Zamu yetu hiyo!" mmoja alipaza sauti.

"Mke wangu bado yumo," Venanti akajibu. "Ngojeni."

Wakanung'unika. Kisha ikasikika sauti ya mzee Tharsisi: "Waacheni. Maji hayana pa kwenda."

Venanti aliingia na suruali yake, akaanza kumkanda magoti kwa vidole gumba, polepole.

"Umezeeka, baba Felisiani," Epifania alimwambia. Hakuwa amemwona mumewe majini tangu ujana wao.

"Nawe umekuwa mzito. Shika shingo."

Akambeba mgongoni, akipumzika kila baada ya mawe machache. Walipofika juu, wanaume wote walikuwa wamewapa mgongo, wamewaachia njia.

Usiku ule Epifania alilala bila Venanti kuamka kumgeuza kama siku zote. Kabla juma halijaisha, maumivu yalirudi kama kawaida yake, na Venanti akamkuta ameketi mlangoni, khanga ya kuogea imekunjwa mapajani.

"Twende tena?" alimuuliza.

"Twende. Ila chukua na jembe. Lile jiwe la katikati limenichubua makalio."