Koki ya Tangi la Tende

Kwa miaka tisa tangi la tende lilikuwa mikononi mwangu, na ole wake ambaye angeniambia kuwa lile ni tangi tu.

Mwenyewe ni mama mkwe wangu, Bi Shaikha, ambaye sote twamwita Mama. Kila kiangazi, nyumbani kwetu Ghubra, tende za kutoka shamba huchemshwa, hukamuliwa kwa kitambaa, na maji yake matamu hutiwa tangini kungoja zamu ya sufuria, yapikwe mpaka yawe asali ya tende. Kwa joto la Maskati, maji hayo hayataki masihara. Uchafu kiasi cha ukucha ukibaki ndani, kesho yake yameshachacha. Ndiyo maana kazi ya kuliosha hapewi mtu ovyo. Mimi nilipewa mwaka niliojifungua mwanangu wa kwanza, na siku hiyo ndipo nilipojiona mtu wa nyumba ile.

Kiangazi cha 1998 shemeji yangu Ayman akaleta mke, Aseel. Mzuri, mpole, mikono myepesi. Nilimchukia kabla hajavua buibui. Akipika, sahani zinarudi tupu. Akicheka, Mama naye anacheka. Kisha asubuhi moja Mama akasema mbele yetu sote, "Mwaka huu tangi ataosha Aseel. Muhsina mwanangu, nawe upumzike."

Nipumzike! Nani alimwambia nimechoka? Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Nikakaa kibarazani kumtazama. Alisugua kwa kumbi la nazi, akasuuza kwa maji ya moto mara tatu, bila sabuni, kama alivyoagizwa. Hakubakisha kitu ila koki. Koki ile ya shaba, chini ya tangi, lazima ifunguliwe kwa spana, maana utelezi wa mwaka jana hujificha ndani yake. Mama alinionyesha mimi peke yangu, na kwa kuwa kila mwaka aliikuta safi, alishasahau kuwa ni jambo la kuambiwa mtu. Nikafumbua kinywa. Nikakifumba.

Mara bibi harusi akawasha chetezo, akatia ubani, akalifukiza tangi kama tunavyofukiza mitungi ya maji ya kunywa. Basi Mama ana desturi yake: hakitiwi kitu tangini mpaka aingize kichwa anuse, na pua yake haijawahi kumdanganya. Safari hii alinusa ubani mtupu.

"Mashaallah!" akasema. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunifukizia tangi langu."

Hakuna aliyewahi. Nikaenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Jioni ile maji ya tende yakatiwa tangini, na kesho yake asubuhi lilikuwa limejaa povu na kunuka siki. Tende za magunia matatu zimekwenda na maji. Mama akachukua spana, akaifungua koki, akatoa utando mweusi kwa kidole. Akanigeukia mimi.

"Muhsina, hukumwambia mwenzio habari ya koki?"

Aseel akadakia, "Aliniambia, Mama. Nilisahau mwenyewe. Nisamehe."

Mama akanitazama, akamtazama yeye. "Haya. Basi tangi lirudi kwa Muhsina."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikamfuata Aseel uani, alikokuwa akimwaga ndoo ya maji yaliyochacha.

"Kwa nini umesema uongo?"

Akaiweka ndoo chini. "Jana nilikuona, da Muhsina. Ulifumbua kinywa, ukakifumba. Nikadhani unataka kunigombeza tu. Leo ndiyo nnajua."

"Sasa si ungesema!"

"Mie mgeni, Mama atanisamehe. Wewe asingekusamehe."

Alisema bila kejeli, akainua ndoo yake akaenda zake. Nikakaa chini na ile koki, nikaisugua mpaka shaba ikang'aa, na bado wivu haukuniisha. Jana nilimwonea wivu kwa tangi. Sasa tangi ninalo, na namwonea wivu kwa moyo wake.